Na

Uyole, Julai. Vidole vimekufa ganzi juu ya kibodi,
nimejifunga shuka kiunoni kama mgonjwa,
chai imepoa kabla sijaionja.
Mbele yangu jedwali: siku zimejipanga kwenda chini,
vituo vimejipanga kwenda kulia,
na kila kijumba kinatakiwa kiwe na mvua yake.

Si vyote vinayo.

Aliyenitangulia, Gwakisa, alikuwa mtu wa adabu,
hakupenda kuacha kijumba mlango wazi.
Palipokosekana namba aliandika hasi tisini na tisa,
kisha akaacha kazi, akaenda kuuza mbolea Tunduma,
hakumwambia mtu maana yake.
Basi nilipoomba wastani wa Februari, mwaka wa tisini na nane,
kompyuta ikanijibu bila haya
kwamba huko Matamba mvua ilipanda:
ilitoka kwenye viazi, ikatoka kwenye mifereji,
ikarudi mawinguni milimita kumi na moja kwa siku.
Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.

Nikazifuta zote. Amri moja, mstari mmoja,
na programu ikaweka alama yake kwenye mapengo:
NA.

Walioitunga wana maana yao,
yaani hakipo, hakikupatikana, usiulize.
Lakini mimi Kiswahili na Kinyakyusa nimevinyonya ziwa moja;
naisoma safu kwa sauti, nayo inasema
kumi na nne, saba, ishirini na mbili,
na,
na,
na,
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau cha tatu,
amesimama mlangoni anang'ata kidole: sukari, kiberiti, na...

"Chukua wastani, jaza," anasema Bwana Mwandemele.
Ripoti inatakiwa Ijumaa.
Ni rahisi. Neno moja, mabano, nimemaliza:
siku kumi na mbili za Aprili zitavaa tisa nukta nne,
sare zilizoshonwa kwa kipimo cha mtoto mmoja.
Au nifute kila mstari wenye pengo,
nibaki na Aprili ya siku kumi na nane.
Au niazime kwa jirani: Kitulo ilinyesha, basi na Matamba ilinyesha.
Lakini milima ile naijua,
humnyima huyu, ikamfurikisha yule wa bondeni.

Nikalitafuta daftari lenyewe, chini ya maboksi ya mbegu.
Penseli. Mwandiko wa mwalimu Yudita Tweve,
herufi zimelalia kulia kama mahindi baada ya upepo.
Sifuri zake ni za mviringo, zimefungwa vizuri:
alikwenda, akainama, akakuta chupa kavu, akaandika.
Sifuri ni kazi iliyofanyika.
Siku zile kumi na mbili hazikuwa na sifuri.
Nyeupe tupu, na pembeni mwa ukurasa doa la maji.

Nikampigia. Amestaafu, analima pareto.
"Aprili ile?" Akanyamaza, nikasikia kuku.
"Siku ya kwanza chupa ilijaa ikamwagika.
Usiku wake mto ukachukua kidaraja, na shule iko ng'ambo.
Kipimo nilikuwa nakiona, mwanangu, kinang'aa kule,
kimefurika, sikifikii.
Ningeandika nini?"

Kumbe namba ilipotea kwa ukubwa wake,
na mimi nilibakiza kidogo tu niipe tisa nukta nne.

Nimeziacha. Kwenye grafu mstari unakatika Aprili tisa,
unaanza tena tarehe ishirini na moja, juu kidogo, umechafuka.
Bwana Mwandemele ameuliza kama wino umeisha.
Chini nimeandika sentensi mbili kuhusu kidaraja;
atazikata, nafikiri, au hataziona.

Nje umande umeganda juu ya majani ya viazi.
Naisoma tena safu, taratibu,
kama anayemsubiri mwenzake amalizie,
kumi na nne, saba, ishirini na mbili,
na